Historia Fupi ya Mabaraza ya Afya na Ustawi katika Kajiado



Katika Mkutano Mkuu wa mwaka uliopita mzee mmoja alisimama akauliza neno ambalo hapana aliyelijibu sawasawa. Alisema: "Mnatuambia tupeleke watu wawili katika kamati ya afya. Je, kamati hiyo huitwa na nani? Fedha yake hushikwa na nani? Na ikikosea, ni nani aiulizaye?" Wengine walicheka, wengine wakanyamaza, na shauri la kuwachagua watu hao wawili likaahirishwa. Baadaye Halmashauri ya Chama ikaniagiza mimi karani wenu nitafute habari za jambo hili tangu mwanzo, niziandike katika taarifa ya mwaka, ili tutakapokutana tena tuamue kwa maarifa wala si kwa hasira.

Nimefanya kama nilivyoagizwa. Nami nimeona kwamba maswali matatu ya mzee yule ndiyo historia yenyewe. Kwa muda wa miaka mia moja mabaraza mengi yamewekwa katika nchi yetu ili kuangalia afya ya watu na hali ya wasiojiweza. Majina yamebadilika mara nyingi, lakini kila baraza limesimama au limeanguka kwa mambo hayo matatu: mwitaji, mshika fedha, na mwulizaji.

ZAMANI, KABLA YA MABARAZA YA SERIKALI

Wamasai, wenyeji wa nchi hii, hawakutenganisha tiba na matunzo. Mgonjwa alitibiwa bomani kwa mizizi na magome ya miti, na boma hilo hilo ndilo lililomlisha mzee asiye na nguvu na mtoto aliyefiwa. Mtu aliyepotewa na ng'ombe wake wote kwa ugonjwa au ukame aliwaendea watu wa ukoo wake, nao wakamchangia mifugo aanze tena. Mambo makubwa yalizungumzwa chini ya mti, na msemaji wa rika, aitwaye olaiguenani, hakuwa na ruhusa ya kukata shauri peke yake. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mpaka maneno yaishe, kisha kuyasema yale waliyopatana.

Hata hivyo tusidhani kwamba siku zile hazikuwa na shida. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, na ndui ikaua watu, hata ukoo uliozoea kuchangia ukawa hauna kitu cha kuchanga. Msaada wa ukoo ni mwema, lakini msiba ukiwapata wote kwa pamoja, lazima uwepo mkono mwingine kutoka nje. Kisha zikaja hati za mapatano za 1904 na 1911, ambazo kwazo Wamasai walihamishwa kutoka katika malisho yao ya kaskazini, na reli ya Magadi ikamalizika mwaka 1915, ikapita Kajiado. Mji huu, ambao jina lake la Kimasai, Olkejuado, maana yake ni mto mrefu, ukawa makao ya serikali. Tangu hapo mambo ya afya yakaanza kuamuliwa pia mezani ofisini.

BARAZA LA WENYEJI, 1925 HADI 1950

Sheria ya 1924 iliruhusu kuwekwa kwa Mabaraza ya Wenyeji, na mabaraza ya kwanza yakaanza kazi mwaka 1925. Baraza liliweza kutoza kodi ndogo juu ya kodi ya serikali, na fedha hiyo ikatumiwa kwa shule, barabara, visima na zahanati. Katika zahanati alikaa dresa, Mwafrika aliyefundishwa kufunga vidonda, kutoa dawa ya homa na kumpeleka hospitali aliyezidiwa.

Sasa tulipime baraza hilo kwa maswali ya mzee wetu. Aliyeliita ni Bwana DC, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Fedha zilikuwa za watu, lakini hazikuweza kutumika pasipo idhini ya serikali. Na mwulizaji alikuwa yule yule mwenye kiti. Machifu na wazee waliketi, wakasema, na maneno yao yakaandikwa. Lakini mara nyingi waliposema "tumekubali" maana yake ilikuwa "tumesikia".

Katika miaka ile ile wananchi walianza kujitengenezea vyama vyao. Mwaka 1923, katika nchi ya Nyanza iliyoitwa Kavirondo, kiliundwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi, kikiongozwa na Arkidiakoni Owen wa misheni. Wanachama wake waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Wako waliokilaumu wakisema kwamba kiliwapoza watu wasidai haki zao kwa nguvu. Lakini kilionyesha jambo moja ambalo vyama kama hiki chetu vimelirithi: kwamba afya haianzi kwa dawa, huanza kwa choo, maji na nyumba, na kwamba watu wa kawaida waweza kukutana na kuweka daftari la mambo hayo pasipo kuamrishwa.

KITUO CHA AFYA, 1950 HADI 1969

Sheria ya 1950 ilibadilisha Mabaraza ya Wenyeji yakawa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, yakapewa uwezo zaidi wa kupanga na kutumia fedha zao. Wakati huo ndipo ulipoanza mpango wa vituo vya afya, nami nawaomba mwutazame kwa makini, kwa sababu ndio uliokuwa karibu sana na jambo tunalolitafuta leo.

Kituo cha afya hakikuwa zahanati iliyoongezwa vyumba. Nia yake ilikuwa kuweka mahali pamoja kazi tatu ambazo zilikuwa zimetengana: kutibu wagonjwa, kuwaangalia mama na watoto, na kusafisha mazingira ya nyumbani. Msaidizi wa hospitali alitibu. Mkunga na mzuru wa nyumba walikwenda kwa akina mama. Na msaidizi wa bwana afya alitazama visima na vyoo. Idara ya Utabibu ilitoa mafundisho na uangalizi, Baraza la Wilaya lililipa gharama za kila siku, na serikali ikaongeza msaada wa fedha. Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake nacho kilianzishwa chini ya idara ya maendeleo ya jamii, kikafundisha usafi, mapishi na malezi. Kwa hiyo zilikuwapo njia mbili za kumfikia mama yule yule: kituo cha afya na klabu ya wanawake.

Mambo hayo yalikuwa mazuri katika wilaya zenye mashamba na watu wanaokaa mahali pamoja. Hapa kwetu yalikuwa magumu. Mfugaji huhama na mvua, na kituo hakihami. Ndiyo sababu shirika la Madaktari Warukao, lililoanzishwa mwaka 1957 na ambalo leo twaliita AMREF, liliona lazima kupeleka kliniki za kutembea katika nchi ya Wamasai. Huko Magadi kampuni ya magadi ilikuwa na hospitali yake. Misheni nao walikuwa na kazi zao. Kila mmoja alifanya wema, lakini kila mmoja alikuwa na daftari lake na mkuu wake mbali.

Kisha yakaja majaribu. Katika miaka ya 1960 na 1961 ukame ulikausha nchi, ng'ombe wengi sana wakafa, na mwishoni mwa 1961 mvua kubwa ikaleta mafuriko juu ya njaa. Chakula cha msaada kikaletwa. Katika shida hiyo hapakuwa na mpaka kati ya mgonjwa na mwenye njaa; mtoto aliyekonda alikuwa wa daktari na wa mgawa unga kwa wakati mmoja. Nasi tunajifunza kwamba wakati wa maafa watu huunganisha kazi zao pasipo sheria. Tatizo huanza mvua ikinyesha na kila mmoja akarudi ofisini kwake.

Baada ya kujitawala, Baraza la Wilaya likawa Baraza la Kaunti ya Olkejuado, kwa mujibu wa kanuni za 1963. Madiwani wakachaguliwa na watu. Mwananchi aliweza kumwambia diwani wake: zahanati haina dawa, nami nitakumbuka siku ya kura. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada ya shilingi 5 iliyolipwa na wagonjwa wasiolazwa. Watu wakafurahi, wakajaa katika vituo, na mzigo wa mabaraza ukazidi.

Mabaraza mengi ya kaunti hayakuweza kuubeba mzigo huo. Kodi haikukusanywa yote, mishahara ikachelewa, na madaftari mengine hayakuwa safi. Serikali ikapitisha sheria ya 1969, na tangu tarehe 1 Januari 1970 kazi za afya, elimu ya msingi na barabara zikaondolewa mikononi mwa mabaraza ya kaunti zikapelekwa kwa wizara. Miji mikubwa iliyokuwa na manispaa iliachiwa kazi zake. Olkejuado haikuwa miongoni mwake.

Ni haki tuseme pande zote mbili. Mtumishi aliyekaa miezi bila mshahara alifurahi kuhamia serikalini. Lakini mlango mmoja ulifungwa siku ile. Diwani alibaki na kiti chake, ila hakuwa na la kusema juu ya dawa. Mwenye kuulizwa alikuwa Nairobi.

MIAKA YA KAMATI ZA WILAYA, 1970 HADI 1992

Kwa miaka mingi wananchi walijenga zahanati kwa Harambee, kisha wakangojea wizara ilete mganga na dawa. Kuta zilikuwa zetu, vilivyomo ndani vilikuwa vya wizara. Mahali pengine kuta zilikaa zikingoja mpaka nyasi zikaota sakafuni.

Mwaka 1983 serikali ilitangaza mpango wa kuifanya wilaya kuwa kiini cha maendeleo. Kamati ya Maendeleo ya Wilaya ilikusanya wakuu wa idara zote mezani, na mwenyekiti wake alikuwa DC. Mganga mkuu aliketi karibu na afisa wa maendeleo ya jamii, na hilo lilikuwa jambo jema. Ukame wa 1984, ambao wengi wenu mnaukumbuka kwa ajili ya mahindi ya manjano, ulionyesha faida ya kukaa pamoja. Lakini kila afisa alipotoka mkutanoni alirudi kwa wizara yake, kwa maana huko ndiko ulikotoka mshahara wake na vocha zake. Meza ilikuwa moja, mifuko ilikuwa mingi.

Desemba 1989 serikali ilianza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama. Ada za wagonjwa wasiolazwa zilisimamishwa mwaka uliofuata, kisha zikarudishwa kidogo kidogo. Fedha ilipoanza kukusanywa dirishani, swali likatokea papo hapo: ni ya nani? Jibu lilitolewa hivi: sehemu 75 katika kila 100 zibaki katika hospitali au kituo kilichokusanya, na sehemu 25 zitumike kwa kazi za kuzuia magonjwa katika wilaya. Ili kuzilinda, tangazo la serikali la 1992 likaunda Bodi za Usimamizi wa Afya za Wilaya, wakateuliwa wananchi kuketi pamoja na maafisa.

Hii ndiyo bodi ya kwanza ya afya iliyompa raia wa kawaida kiti chenye kazi ya fedha. Lakini wajumbe waliteuliwa, hawakuchaguliwa. Wengi walikuwa watu wema na wenye heshima ambao hawakufundishwa kusoma hesabu. Na tena bodi ilikuwa ya afya tu. Mzee asiyejiweza, mtoto yatima na kipofu walikuwa katika daftari la idara nyingine, jengo jingine.

HABARI NILIYOIONA MWENYEWE

Hapa naomba ruhusa nieleze jambo dogo nililolishuhudia. Sitataja mahali, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu.

Mwaka 2010 serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za vituo vya afya na zahanati, kwa Mfuko wa Huduma za Sekta ya Afya. Jaribio la namna hiyo lilikuwa limefanywa kwanza katika Mkoa wa Pwani tangu 2005. Kila kituo kikawa na kamati, mkuu wa kituo akiwa katibu, na wakaaji wa mahali wakiwa wajumbe. Nami nilikuwa kijana niliyetoka shuleni miaka michache, nikaombwa kuandika kumbukumbu za kamati moja.

Tulikutana mara nne kwa mwaka. Maneno yalikuwa mazuri, chai ilikuwapo. Mkutano wa tatu mama mmoja, muuza mboga, aliuliza kama twaweza kukiona kitabu cha benki. Hapana aliyewahi kukiuliza. Katibu hakukasirika, alikileta. Tukaona kwamba fedha zilikuwapo, tena hazikuibwa, bali zilikaa tu, maana hapana aliyejua kwamba kamati ndiyo yenye kuamua zitumike kwa nini. Miezi yote hiyo mlinzi wa usiku hakulipwa na tangi la maji lilivuja. Tuliamua siku ile ile. Basi, wazee, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; nami naongeza kwamba yaweza pia kulala bila habari, na mgonjwa akateseka vile vile.

UGATUZI NA MILANGO MIWILI

Katiba ya 2010 iliirudisha afya karibu na watu. Tangu 2013 hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati viko chini ya serikali ya kaunti. Serikali ya taifa ilibaki na sera na hospitali kuu za rufaa. Baraza la Kaunti ya Olkejuado likamaliza kazi yake, na Kaunti ya Kajiado ikaanza. Kwa namna fulani tulirudi mahali tulipopaacha tarehe 31 Desemba 1969, ila kwa fedha nyingi zaidi na watu wengi zaidi. Hesabu ya 2009 iliwakuta watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya 2019 iliwakuta 1,117,840. Kitengela, ambako wengine wenu mlichunga ng'ombe kabla ardhi ya ranchi ya pamoja haijagawanywa mwaka 1988, palikutwa watu 154,436.

Lakini kulikuwa na mikwaruzo. Kwa sheria ya fedha ya 2012 mapato ya kaunti huingia katika mfuko mmoja mkuu, hata hospitali nyingi nchini zikawa zinapeleka fedha ya dirishani na kungojea irudi. Kamati zilizokuwa zimejifunza kuamua zikajikuta hazina cha kuamua. Wafanyakazi nao hawakujua mwajiri wao hasa ni yupi; mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa wauguzi wa 2017 ukadumu miezi kadhaa. Serikali mbili zilitazamana, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Jambo la pili halitajwi sana, nami naliona kuwa ndilo kubwa. Katiba iliipeleka tiba kwa kaunti, lakini sehemu kubwa ya matunzo ilibaki kwa serikali ya taifa. Fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee, kwa watu wenye ulemavu na kwa nyumba zenye yatima, hutolewa na wizara ya taifa. Afisa wa maendeleo ya jamii ni wa taifa. Daktari, muuguzi na mhamasishaji wa afya wa mtaani ni wa kaunti.

Mfikirie bibi wa miaka 75 anayekaa ng'ambo ya barabara ya Namanga, mwenye kisukari na mguu uliokatwa. Siku ya kutoka hospitalini daktari amemaliza kazi yake kwa uaminifu. Lakini ni nani atakayembadilishia kitambaa? Ni nani ataandika jina lake apate posho ya wazee? Mtoto wake wa kike hufanya kazi ng'ambo ya mpaka, katika viwanda vya Athi River vilivyo Kaunti ya Machakos, hulala Kitengela katika Kaunti ya Kajiado, naye hawezi kuacha kibarua kumwuguza mama. Bibi huyu ana serikali mbili na kaunti mbili, naye akihitaji maji ya kunywa humwita mtoto wa jirani.

Uko mfano mmoja hapa hapa kwetu wa meza ya pamoja. Kwa mambo ya ukame kaunti kavu 23, Kajiado ikiwamo, zina kamati ya uongozi ambamo Gavana na Kamishna wa Kaunti huongoza kwa pamoja, na Mamlaka ya Kukabili Ukame huwa katibu. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini njaa imewafanya wakae. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 mifugo ilikufa kwa wingi, na meza hiyo ndiyo iliyopokea habari za maji, chakula na watoto waliokonda kwa pamoja. Kama yawezekana kwa ajili ya ukame, kwa nini isiwezekane kwa ajili ya bibi wa kisukari?

WENZETU WA NCHI NYINGINE

Tatizo hili si letu peke yetu. Katika Uskochi, ambako matibabu yalikuwa chini ya mabaraza ya afya na matunzo ya wazee chini ya mabaraza ya miji na wilaya, wazee wengi walikaa vitandani hospitalini baada ya kupona kwa sababu hapakuwa na wa kuwatunza nyumbani. Bunge lao likapitisha sheria mwaka 2014, na kufikia Aprili 2016 bodi za pamoja zilikuwa zimeanza kazi karibu kila mahali. Isipokuwa eneo la Highland, ambako walipatana kwamba upande mmoja ushike tiba ya watu wazima na matunzo yao, na mwingine ushike mambo ya watoto.

Utaratibu wao ni huu. Upande wa afya na upande wa baraza la mji hutoa wajumbe wa kura sawa kwa sawa, ili mmoja asimmeze mwenzake. Kiti cha mwenyekiti hupokezanwa. Wapo pia wajumbe wasio na kura: mgonjwa, mwenye kumtunza mgonjwa nyumbani, mfanyakazi, na mtu wa vyama vya hisani. Bodi ina afisa mkuu wake na mwangalizi wa fedha wake, na pande zote mbili huweka fedha katika fungu moja. Hata hivyo shida haikwisha. Fungu ni moja, lakini hutoka katika mifuko miwili, na kila mwenye mfuko hutaka kujua kama mwenzake ametoa sawa. Sheria yaweza kuwakalisha watu mezani. Kuaminiana hakuandikwi katika sheria.

SHERIA MPYA NA SHAURI LETU

Mwezi Oktoba 2023 sheria nne za afya zilitiwa sahihi nchini mwetu. Moja inaruhusu kituo kubaki na fedha kinazokusanya na kuzitumia kwa kazi yake. Nyingine inaweka mitandao ya afya ya msingi na kuwatambua wahamasishaji wa afya wa mitaani, ambao ndio huingia nyumbani. Ya tatu ni ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa bima ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1966. Ya nne ni ya kumbukumbu za afya kwa mashine. Basi fedha inarudi kituoni, na kamati itakuwa na kitu cha kuamua. Huu ndio wakati tunaoalikwa kupeleka watu wawili.

Sasa nimjibu mzee wetu. Kwanza, aitaye: tusikubali kiti katika kamati isiyo na siku zake za mkutano zilizoandikwa. Kamati inayongoja kuitwa na mkubwa tumeiona tangu 1925. Pili, mshika fedha: watu wetu waende wakijua kusoma kitabu cha benki, nao wakiulize katika mkutano wa kwanza, si wa tatu. Tatu, mwulizaji: wawili hao warudi hapa kila robo ya mwaka, watusomee yaliyoamuliwa, nasi tuwaulize. Wakikosa kuja mara mbili bila udhuru, tuchague wengine. Kosa la bodi ya 1992 halikuwa ubaya wa wajumbe. Lilikuwa kwamba hapana aliyewangojea nyumbani na maswali.

Nne, jambo ambalo mzee hakuliuliza lakini historia inaliuliza: afisa wa maendeleo ya jamii na aalikwe katika kamati ya afya, hata kama sheria haimlazimishi, na majina ya wagonjwa wazee wanaotoka hospitalini, kwa ridhaa yao, yafike kwake kabla hawajafika nyumbani. Hili halihitaji fedha. Lahitaji barua moja, nami niko tayari kuiandika.

Najua wako wanaosema kwamba kamati ni kupoteza muda, kwamba mambo hukatwa kwingine. Siwezi kuwalaumu, kwa miaka mingi walisema kweli. Lakini asiyekuwapo na lake halipo. Mwaka 1970 mlango ulifungwa na hatukuwa na la kusema. Safari hii mlango uko wazi. Tukiacha viti viwili vitupu, tusije tukamlaumu mwenye kuvikalia.

Shauri hili litaletwa mbele yenu katika Mkutano Mkuu ujao, nanyi mtaamua kwa kura. Nawaomba wazee mje, na mje na vijana wenu.

Ni mimi mtumishi wenu,

KARANI WA CHAMA